Mtoto Niliyemfuata Uingereza

Nyumba ya binti yangu ilisifiwa kwa treni kabla ya kusifiwa kwa kitu kingine chochote. Nilipofika tu, hata sijavua viatu, mkwe wangu akaanza kumweleza mtoto wake, kwa sauti ya kutosha nisikie, kwamba stesheni iko mwisho wa barabara, kwamba ukikosa treni moja nyingine iko njiani, kwamba mjini unafika chai yako ikiwa bado moto, na kwamba hata basi linasimama pale kwenye kona. Alimweleza mtoto kwa sababu mimi hawezi kunieleza. Mimi ni mama mkwe. Kwetu Katanga mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali naye sahani moja, na akiwa na neno analipitisha kwa mtu mwingine. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka miwili na kidogo, na wakati huo alikuwa anatafuna kamba ya mfuko wangu. Nikamwambia mtoto kwamba nimesikia, nyumba ni nzuri.

Kwetu nyumba inasifiwa kwa maji na kwa majirani. Ukisema nyumba yako ni nzuri kwa sababu ni rahisi kutoka ndani yake, watu watakucheka. Lakini nilikuwa mgeni. Nikavua viatu.

Niseme wazi nilikwenda kufanya nini, maana watu wa Kikula, mtaa wetu huko Likasi, wamelisema jambo hili kwa namna nyingi. Nilikwenda kumchukua mtoto. Kwetu mtoto wa kwanza ni wa kambo wake, yaani bibi yake. Akishaacha ziwa la mama, anakwenda kukaa kwa kambo. Huko ndiko anakojifunza kusema, kusalimia na kula bila kuchagua, na mama yake anapata mikono ya kufanya kazi. Binti yangu mwenyewe alikulia kwa mama yangu, kando ya ziwa Tshangalele, mimi nikiuza samaki sokoni Kikula. Hakuna aliyeniita mama mbaya, na binti alitoka huko mnene na mwenye adabu. Tena huyu mdogo wa Uingereza amepewa jina langu. Kwa hiyo binti yangu aliponipigia simu na kusema, "Mama, mutoto ameacha ziwa. Kuya, mama, kazi inatushinda," sikuuliza maswali. Mwanamke yeyote wa mtaa wangu angeelewa. Niliwaambia majirani, nikawaambia akina mama wenzangu wa parokia, nikasema nikirudi mtaniona na mtoto mgongoni.

Ukienda kuchukua mtoto huendi mikono mitupu. Unampelekea mama yake kitenge kipya, kizima, ambacho hakijakatwa. Akikipokea, mambo yamekwisha. Hakuna haja ya maneno, kwa sababu mama anayemtoa mtoto wake hatakiwi kulisema kwa mdomo. Nilimpa binti yangu kitenge siku ile ile, pale sebuleni. Akapiga magoti, akakipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akasema kinanukia nyumbani, na machozi yakamlenga. Nikasema moyoni, huyu, mama yangu alimlea vizuri, ameelewa bila kuambiwa.

Basi nikaanza kuishi katika mtaa ule.

Ni mtaa wa kimya, mpaka ukikaa jikoni unasikia friji inavyopumua. Nyumba zimejengwa mbili mbili, zinagawana ukuta mmoja, na kila moja ina kibustani mbele na ua wa majani uliokatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Asubuhi milango inafunguka mmoja baada ya mwingine. Watu wanatoka na mifuko na vikombe vyenye vifuniko, wote wanaelekea upande mmoja, upande wa stesheni, na hakuna anayemwuliza mwenzake ameamkaje. Jioni wanarudi wote, na vikombe hawana tena. Katikati ya hapo mtaa ni wa paka na wazee. Mimi sikulia upweke, kama wengine wanavyosimulia wakirudi kutoka Ulaya. Nilikuwa na kazi ya kufanya. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mwanamke wa umri wangu, anakata ua wake kwa mkasi mkubwa. Kila siku alinionyesha mbingu kwa kidole na kutikisa kichwa, nami nikamwonyesha mbingu na kutikisa changu. Tuliheshimiana.

Treni zenyewe nilizizoea haraka. Za kwetu Likasi zinabeba mawe ya shaba, na zinapita polepole, mtu anaweza kutembea kando yake akiendelea na mazungumzo. Zile za kule zinabeba watu, na zinapita kama zimetukanwa.

Shida ilikuwa ngazi. Nyumba ilikuwa na ngazi moja, bafu moja, jiko moja, na ndani yake mama mkwe na mkwe. Nikitaka kushuka, nakohoa. Mkwe wangu akinisikia anaingia jikoni na kufunga mlango. Naye akitaka kupanda, anamwita mtoto kwa nguvu, hata kama mtoto yuko miguuni pake. Binti yangu alikuwa anacheka, anasema majirani watadhani nyumba nzima ina kifua kikuu. Mimi sikuona cha kuchekesha. Heshima haibaki uwanja wa ndege. Na kusema kweli treni zilitusaidia, maana kijana yule aliondoka alfajiri na kurudi mtoto akiwa ameshavaa nguo za kulalia, kwa hiyo juma zima tulikuwa tunaepukana bila taabu.

Lakini tatizo ndilo hilo. Aliondoka alfajiri, na binti yangu alimfuata baada ya kidogo. Kabla sijafika, mtoto alikuwa anapelekwa kwa mwanamke mmoja anayelea watoto wa watu, anachukuliwa jioni, anakula macho yamefumbwa. Siku za mwanzo nilimwuliza yule mtoto, kama mtu anavyomwuliza mtoto yeyote ili aseme, mama yako iko wapi. Akanyoosha mkono dirishani, akasema, "Treni." Nikauliza, na baba? "Treni." Hakulia. Alisema kama mtoto wa kwetu anavyosema mama ameenda sokoni. Nami nikazidi kuona kwamba nimefika kwa wakati.

Nikamfanyia kazi yangu. Nilimbeba mgongoni mtaani mpaka jirani wa mkasi akapiga makofi. Nilimfundisha kukata tonge la bukari, ugali wetu, kwa mkono wa kulia na kulichovya. Nilimfundisha kupiga goti akisalimia, naye akawa anampigia goti kila mtu, mpaka mleta barua. Akaanza kusema kwa lugha yetu. Neno la kwanza lilikuwa "hapana", na hilo nalo ni la kwangu.

Jumamosi moja tulikuwa jikoni, mimi na binti yangu, tunapika sombe, yale majani ya muhogo, yaliyokuja yamegandishwa kama tofali. Mkwe wangu alikuwa sebuleni na mtoto, televisheni inasema. Nikamwuliza binti yangu kama amekwisha kumtafutia mtoto tiketi, maana yangu ninayo na siku zinakimbia. Akauliza tiketi ya kwenda wapi. Nikasema ya Likasi, ya wapi tena. Akacheka. Halafu akageuka, akaona mimi sicheki.

"Mama," akasema. "Ulikuya kumukamata, kumupeleka Likasi?"

"Weye ulikamata kitenge."

"Kitenge ya zawadi."

"Nani alikuambia ni zawadi?"

Kule sebuleni televisheni ilipunguzwa sauti. Binti yangu aliweka mwiko chini, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akanieleza kwamba aliniita nikae nao, mtoto asipelekwe tena kwa yule mwanamke, apate kumjua kambo wake, wao waende kazini na moyo uliotulia. Alisema alidhani nimeelewa. Mimi nikasema nilidhani yeye ameelewa. Tukasimama pale, kila mmoja na kuelewa kwake, sombe inaungua.

"Kwa hiyo ulikuwa unatafuta boyi ya nyumba," nikamwambia, "ukaona mama yako iko na nguvu bado."

Mkwe wangu akakohoa sebuleni, na kikohozi kile nilikielewa pia. Kilikuwa kinaniomba ninyamaze. Sikunyamaza. Nikasema mlitafuta nyumba kwa ajili ya treni, sasa mnataka mtoto naye alelewe na treni.

Kesho yake nilikuta kitenge juu ya kitanda changu, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa. Kurudisha kitenge cha namna ile ni jambo zito kuliko tusi. Nikakichukua, nikakiweka mbele ya mlango wa chumba chao. Asubuhi nikakikuta kwangu tena. Kikatembea hivyo juma zima kati ya vyumba viwili. Mtoto alidhani ni mchezo, akawa anakibeba kichwani kutoka mlango huu mpaka ule, akatusaidia wote wawili kugombana.

Sikuwa na shaka yoyote. Nilikuwa nimewaahidi watu wa kwetu, na zaidi ya hapo nilijua mtoto yule akiwa kwangu atakuwa na watu mchana kutwa, watamtuma, watamkemea, watampangusa kamasi. Binti yangu hana mabishano. Akikasirika anakuwa kimya kama mtaa wake. Lakini siku moja jioni alisimama mlangoni pangu, akasema asubuhi nijiandae, nimvike mtoto koti, twende naye kazini kwake, nione. Nikasema nitaona nini. Akasema nitaona njia.

Tukaenda. Stesheni ilijaa watu, na kila mtu alikuwa na mahali pake pa kusimama, kana kwamba amechimbiwa hapo kama nguzo. Hakuna aliyesukuma. Treni ilipofika, milango ilifunguka pale pale walipokuwa wamesimama, nikaelewa kwa nini. Ndani hapakuwa na nafasi. Kijana mmoja aliniona na mtoto, akainuka, nikakaa, nikampakata mtoto. Binti yangu alisimama mbele yetu, ameshika chuma. Vichaka vikapita, migongo ya nyumba, nguo zilizoanikwa. Nilipomtazama alikuwa amelala. Alilala amesimama, shingo imeegemea mkono wake mwenyewe, na mwili unafuata treni kulia na kushoto bila kuamka. Sikuwahi kuona mtu wangu akilala hivyo. Nilimtazama sana. Alikuwa na nywele alizofunga haraka, na nyuma ya sikio palikuwa na sabuni iliyokauka.

Mtoto akamvuta koti. Akafungua macho, akamwona mtoto kwanza, kisha mimi. Hakupaza sauti.

"Mama, nilikuwa kwa kambo ku Tshangalele, weye ulikuwa unakuya na lori ya samaki kila siku ya posho. Nilikuwa nakungojea ku njia."

Nikasema ndiyo. Siku ya posho kwetu ni Jumamosi, na sikukosa hata moja isipokuwa kwa ugonjwa.

"Mutoto akiwa Likasi," akasema, "minye nitapanda treni gani?"

Nilikuwa na jibu la kila kitu. Nilikuwa nimeandaa la ndege, la simu yenye picha, la likizo.

Lakini nilikuwa naliona lile lori. Lilikuwa linashuka ziwani tupu kila Jumamosi mchana, mimi nimekaa juu ya matenga yaliyonuka. Jua likiwa bado liko juu nilikuwa nimefika. Binti alikuwa amesimama barabarani na mama yangu, miguu myeupe kwa vumbi. Tulilala mkeka mmoja, nikamsuka, nikamwangalia meno, nikamwuliza anakula nini. Jumapili baada ya misa nikarudi. Akipata homa katikati ya juma, mwenye samaki yeyote aliyekuja sokoni aliniletea habari, na siku hiyo hiyo nilikuwa kwake. Mimi sikutoa mtoto. Nilimweka katika chumba cha pili, na barabara ile ndiyo ilikuwa mlango. Wazee waliosema mtoto wa kwanza ni wa kambo walikuwa na kambo anayekaa karibu. Hawakuwa wajinga. Kutoka mtaa ule wa binti yangu unaweza kwenda kila mahali, treni na basi, kila mtu aliniambia hivyo. Likasi tu ndiko kusikokuwa na mlango wa kurudi jioni.

Treni ilisimama mahali, watu wakashuka, wengine wakaingia. Nikasema, "Haya. Atabaki."

Binti yangu akainama, akaweka paji la uso wake begani kwangu, katikati ya watu wote wale. Wao walikuwa wanatazama simu zao. Sijui alikaa hivyo kwa muda gani. Mtoto alikuwa anamhesabia vifungo, kwa hesabu yake asiyoijua.

Sasa mtu asidhani nilishindwa. Mtu akikuachia kitu, ana haki ya kusema namna ya kukitunza. Jioni ile nilikaa kwenye ngazi, nikampakata mtoto, mkwe wangu akiwa jikoni na mlango umeachwa wazi kidogo. Nikamwambia mtoto:

"Muambie baba yako, kambo anaacha mutoto. Lakini mutu moja ya hii nyumba itakuwa inarudi jua ingali juu."

Mtoto akakimbia jikoni. "Baba, jua."

Nikasikia mkwe wangu akimwambia mtoto amjibu kambo kwamba baba amesikia, na kwamba baba ataomba kazini wampe zamu ya mapema. Mtoto akarudi. "Kambo, mapema."

"Muambie sitaki kuomba. Nataka kufika."

Hapo mkwe wangu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alitoka jikoni, akasimama kwenye korido, amenipa mgongo, uso ameuelekeza kwenye makoti yaliyotundikwa. Akasema na makoti yale.

"Mama, nitafika."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia mwenyewe tangu amwoe binti yangu. Sikumjibu, maana nisingeharibu adabu kwa mara ya pili. Nikakohoa.

Na alifika. Alipata zamu ya kuanza giza bado halijaondoka, akawa anarudi mchana na treni isiyo na watu, anamchukua mtoto, wanakwenda kutazama bata katika bustani ya nyuma ya stesheni. Mimi nilibaki mpaka ruhusa yangu ya kukaa ilipoisha, na niliona kwa macho yangu, sikuambiwa. Baridi ilipoingia, jua la kule likaanza kutoroka mapema, saa ambazo la kwetu halijapoa bado. Mkwe wangu akamtuma mtoto aniulize kama sharti ni la jua au la saa. Nikasema ni la jua. Akawa anakuja anakimbia kutoka stesheni, koti wazi, mfuko unampiga mgongoni, na yule jirani mwenye mkasi anamwangalia akidhani nyumba inaungua. Mwanaume akikimbilia mtoto wake hajapotea. Kitenge nilimwachia binti yangu, na safari hii nikamwambia kwa mdomo kwamba ni zawadi, ili pasiwe na kuelewa kuwili.

Nilirudi Likasi mchana. Majirani waliona gari, wakatoka wote. Wengine walikuwa wameshaanza kuimba. Mama mmoja wa ng'ambo ya njia, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu tuwe wasichana, alichungulia nyuma yangu, akachungulia ndani ya gari, akazunguka mpaka nyuma, kwenye sanduku langu la nguo.

"Mutoto iko wapi? Ao iko mu valizi?"

Nikamwambia mtoto iko kwa mama yake. Wimbo ukafa taratibu, mmoja mmoja. Nikaona wanatazamana, na mmoja akaingia ndani haraka kama mtu aliyesahau sufuria motoni.

"Basi wazungu walikushinda," akasema yule wa mdomo.

"Hakuna muzungu alinishinda. Nilimuacha minye mwenyewe. Minye nilifika kule, nikaona, nikamuacha. Weye ungekuwa kule, ungemuacha vile vile. Na kama haungemuacha, ungekuwa na kosa."

Si mtu mbaya. Akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, sasa nitabaki na nani mule ndani. Nikasema nitabaki nao, majirani zangu, kama nilivyokuwa nao.

Walikuwa wamempikia mtoto. Yule aliyeingia ndani haraka alikuwa ameenda kuficha chakula, nikamwambia akilete. Ulikuwa wali laini, wa mtu asiye na meno mengi, na samaki wa Tshangalele aliyetolewa miiba yote, bila pilipili hata kidogo, katika sahani ndogo. Wakaniuliza kama wanipikie kingine. Nikasema hapana. Nikakaa kwenye kiti, mbele yao wote, nikala mpaka mwisho, na nilipomaliza nikawaambia kimekosa chumvi.